Picha ya Kifua kwenye Dirisha la Jayanti

Juzi nilipokuja kurudisha funguo za idara, nilimkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi la nje, anaikuza picha ya goti lake kwa vidole viwili kwenye simu. Goti lilikuwa limepigwa eksirei muda mfupi tu uliopita. Akaniita, "Mzee, kuja uone, hapa ndio inauma." Nikatazama, nikacheka mpaka akaniuliza kama goti lake linachekesha. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimekumbuka siku tulipobandika kifua cha mtu kwenye dirisha la duka mjini Kisii, watu wakasimama barabarani kuhesabu mbavu.

Ninyi vijana mlionirithi mliniomba niandike kidogo jinsi kazi hii ilivyokuwa miaka ya tisini. Mambo ya vyeo sitayagusa; yalikuwa machache na hayakuwa na utamu. Nitawaandikia juu ya chumba cha giza, juu ya Mzee Oyugi aliyenifundisha, na juu ya kosa langu moja ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimestaafu sasa, hamwezi kunifukuza.

Nilifika katika hospitali yetu ya misheni, huku milimani Nyamira, nikiwa na cheti kipya na viatu vilivyonibana. Mzee Oyugi ndiye aliyekuwa mkuu wa eksirei, Mjaluo mrefu aliyeoa huku na kukijua Ekegusii kuliko mimi niliyezaliwa Magwagwa. Alinitazama viatu, akatazama cheti, akasema, "Zablon, ukitoka hapa jioni utanuka siki. Bibi yako atazoea. Wangu alizoea." Halafu akanisukuma ndani ya chumba cha giza na kufunga mlango.

Mle ndani mlikuwa na matangi matatu: dawa ya kuitoa picha, maji ya kusuuzia, na dawa ya kuikaza. Asubuhi za Nyamira mnazijua. Dawa ikiwa baridi haifanyi kazi, kwa hiyo kazi ya kwanza ya siku ilikuwa kuomba ndoo ya maji moto jikoni na kuizamisha chupa ya dawa humo. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa, nasi tulipima muda kwa nyimbo za kanisani. Kifua kilikuwa beti nne za wimbo wa polepole. Siku ya baridi kali, beti tano. Tatizo ni kwamba mimi ni Msabato na Oyugi alikuwa Mkatoliki, na nyimbo zetu hazikuwa na mwendo mmoja. Picha zangu za miezi ya kwanza zilitoka nyeusi kidogo.

Lakini siku ile ya kwanza! Niliitumbukiza filamu kwenye tangi, nikaimba, na chini ya taa nyekundu nikaona ubavu mmoja unajitokeza, kisha wa pili, kisha ngome nzima ya kifua cha mtu aliyekuwa amekaa hapo nje anakula ndizi. Nilipiga ukelele. "Tulia," Oyugi akaniambia, "ni mifupa tu." Ila nilimwona naye ameinama, anatazama, na alikuwa ameiona mifupa kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Tangu siku hiyo sikuwahi kuichoka kazi hii, na nasema kweli.

Oyugi alikuwa na msemo wake: eksirei haichagui. Inapiga ubavu, inapiga na kifungo cha shati. Kwa hiyo mgonjwa wa kifua alivua nguo zote za juu, awe chifu au mwizi wa kuku.

Hapo ndipo panaponileta kwenye jambo ambalo chuoni hawakutufundisha. Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima na haya baina ya mzazi na mwana, na zaidi baina ya mwanamume na mkamwana wake. Na mkamwana si yule tu aliyeolewa na mwanao wa kumzaa. Mke wa yeyote anayekuita baba kiukoo ni mkamwana wako, hata kama umempita miaka minne tu. Humshiki mkono, husimami karibu naye, na neno la nguo za ndani halipiti kinywani mwako. Sasa mwambie huyo avue blauzi asimame mbele ya mashine! Nilipokuwa na Oyugi haikuwa shida. Mkamwana akija, nilitoka nje kama mtu aliyekumbuka jambo, na Oyugi, ambaye hakuwa wa ukoo wowote wa huku, akampiga picha kwa utaratibu wake. Hatukuwahi kulizungumza. Kisha Oyugi akastaafu, nikabaki peke yangu, na wakamwana hawakuacha kukohoa.

Kemunto alikuja asubuhi moja ya masika. Alikuwa fundi wa kushona katika soko la Daraja Mbili, hodari, na ameolewa katika ukoo wetu. Alikuwa amekohoa wiki nyingi.

"Bwakire, tata," akasema, yaani habari ya asubuhi, baba, akitazama sakafu.

"Bwakire, omokamwana," nikajibu, nikitazama mashine.

Watu wazima wawili tunazungumza na vyombo. Nilimwonyesha pa kusimama kwa kidole, nikamwambia avute pumzi aishikilie, nikapiga. Juu ya nguo sikusema kitu. Blauzi ilibaki mwilini mwake na mimi nikabaki na heshima yangu.

Picha ilipokauka niliona doa jeupe sehemu ya chini ya pafu la kulia, na ndani ya doa hilo mstari mwembamba ulionyooka, urefu wa kiungo cha kidole. Nikajua mara moja ni nini, au nilidhani najua: fundi wa nguo, blauzi, pini. Nikaandika juu ya bahasha, kwa mwandiko mzuri, "Mstari ni pini ya blauzi." Daktari wetu alisoma bahasha, akaniamini, akatazama doa tu. Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha kitu, lakini kifua chenye doa na kikohozi kisichoisha siku hizo kilikuwa na jina moja. Kemunto akaanzishiwa dawa za kifua kikuu.

Miezi mitano alizimeza bila kuruka hata siku moja, na miezi mitano hakupata nafuu. Alikonda. Wateja wakahamia kwa fundi mwingine. Lakini lililomuumiza ni mtoto wake wa kike wa miaka miwili, ambaye mama mkwe alimwondoa nyumbani siku ile ile jina la ugonjwa lilipotajwa, akapelekwa Ogembo kwa bibi yake mzaa mama. Kemunto alikatazwa kwenda kumwona mpaka apone. Sista Moraa, muuguzi wetu, ndiye aliyenieleza hayo. Alisema Kemunto kila akija kuchukua dawa haulizi habari za kifua chake. Anauliza tu ni lini atapewa karatasi ya kwamba amepona.

Daktari alitaka bingwa aitazame ile picha. Njia iliyokuwepo ilikuwa kuituma kwa basi hadi Nairobi, na picha ya mwisho tuliyotuma kwa njia hiyo ilikaa wiki sita, ikarudi na majibu ya mguu wa mtu mwingine. Kumpiga Kemunto picha mpya nako hakukuwezekana, kwa kuwa filamu zilikuwa zimekwisha na tulikuwa tukingoja mzigo. Hapo mimi nikaropoka: "Daktari, tuitume kwa kompyuta."

Sikuwa nimewahi kugusa kompyuta. Nilikuwa nimesikia tu kwamba Jayanti, Mhindi mwenye studio ya picha na duka la vitabu mjini Kisii, amenunua moja, na kwamba binti yake Nila anaandikia watu barua zinazofika Nairobi kabla hujavuka barabara. Na nilikuwa na kadi ya Daktari Wambua, bingwa wa eksirei aliyetufundisha semina, yenye anwani iliyokuwa na alama kama konokono katikati. Kadi hiyo nilikuwa naitembeza mfukoni tangu semina, nikiwaonyesha watu. Daktari akanitazama, akasema haya, jaribu. Sikusubiri chai.

Nila aliilaza filamu kwenye skana yake, na kompyuta ikatuonyesha mstatili mweusi tititi. Ilibidi mwanga upite ndani ya filamu, na skana ilimulika juu juu. Nilikata tamaa kwa muda kama wa dakika moja. Jayanti, aliyekuwa akitazama kutoka kaunta huku anafunga madaftari, akauliza, "Kwa chumba yako ya giza, nyinyi naangaliaje?"

"Tunaiweka kwenye boksi lenye taa nyuma."

"Basi jua ni taa," akasema.

Akabandika karatasi nyeupe nyembamba kwenye kioo cha dirisha la mbele, juu yake akabandika kifua cha Kemunto kwa selotepu, akaleta kamera yake ya pasipoti na stendi yake ya miguu mitatu. Jua la saa tano lilipita pale, na kifua kikang'aa. Sijawahi kuona picha yangu ikipendeza hivyo. Mama wauza ndizi walisimama. Makanga mmoja wa matatu akahesabu mbavu kwa sauti, zikawa hazilingani upande na upande, ikabidi ahesabu tena. Nilikuwa nimeficha jina kwa kipande cha karatasi, hilo nililikumbuka. Jayanti akachungulia kwenye kamera, akauliza, "Hii mstari ni nini?"

"Pini ya blauzi," nikamjibu, bila hata kugeuka.

Picha aliisafisha mwenyewe nyuma ya duka. Nilimwomba niingie naye, na humo gizani tukawa wawili tunaonuka siki, kila mmoja akimfundisha mwenzake njia yake ya kupima dawa. Nila akaipitisha picha ile kwenye skana, safari hii ikatokea, kijivu na nyeupe, kila ubavu mahali pake. Nikamtajia maneno ya barua, akayachapa. Simu ya duka iliunganishwa na kompyuta, ikalia ule mlio wa paka na bati, na mstari wa bluu ukaanza kujaa polepole kwenye kioo. Ulipofika karibu na mwisho, mama yake Nila akanyanyua simu ya jikoni nyuma ya duka kumpigia dada yake, na kila kitu kikakatika. Tukaanza upya. Safari ya pili Nila alienda kusimama mlangoni mwa jikoni mwenyewe. Kioo kilipoandika kwamba barua imekwenda, nilimshika Jayanti mkono nikautikisa mpaka akaniomba nimrudishie.

Majibu yalifika Jumamosi. Nila alipiga simu hospitalini, nao wakamtuma mtu kanisani, na mimi nikatoka katikati ya mahubiri. Mzee wa kanisa alinitazama mpaka mlangoni. Nilijiambia kwamba kuponya siku ya Sabato kumeruhusiwa, na kwamba kukimbia kwenda kuponya nako bila shaka kumo.

Wambua aliandika kwa Kiingereza. Nayaweka hapa kwa lugha yetu. Alisema picha imefika nzuri kuliko alivyotarajia. Alisema hadhani ni kifua kikuu. Alisema kuna mstari ndani ya doa. Kisha: "Je, mgonjwa alivua nguo zote za juu kabla ya kupigwa? Nijibu hili kwanza."

Furaha yote ilinitoka. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha duka nikijiona mjinga. Ningeweza kuandika kwamba alivua. Nani angejua? Lakini kama mstari ule ulikuwa kwenye blauzi kweli, wangeenda kumtafutia kitu kifuani ambacho hakimo, kwa sababu yangu. Na kama ulikuwa kifuani, basi miezi mitano ya dawa na ya mtoto kukaa Ogembo ilikuwa kazi ya kalamu yangu. Nila alikuwa amekaa, vidole tayari.

"Andika hapana," nikamwambia. "Andika: hakuvua. Ni mkamwana wangu na niliona haya kumwambia. Niliandika kwenye bahasha kwamba ni pini ya blauzi, na sikuhakikisha. Kosa ni langu, si la daktari wala la mgonjwa."

Nila alichapa yote. Halafu akauliza haya hiyo ni ya namna gani, nikamweleza chinsoni. Akatikisa kichwa. "Hata sisi tuko nayo. Mama alifunika uso mbele ya babu mpaka babu akafa."

Wambua alijibu kwa mstari mmoja: piga upya, amevua, leo kama inawezekana. Mzigo wa filamu ulikuwa haujafika, lakini nilikuwa na karatasi mbili za filamu nilizozificha kwa ajili ya ajali. Jumatatu asubuhi Kemunto aliitwa. Sista Moraa akamvalisha gauni la chumba cha upasuaji, lile la kufunga kwa kamba, lisilo na kifungo wala chuma, nami nikasimama nyuma ya ukuta wa mashine nikimwelekeza Moraa kwa sauti. Kidevu juu. Mikono kiunoni. Mabega yavutwe mbele, ili mifupa ya mabega isiyafunike mapafu.

"Zablon, kwani mimi nilisomea eksirei?" Moraa akauliza.

"Unasomea leo, sista."

Nilienda chumba cha giza. Maji ya moto yalikuwa tayari. Nilianza kuimba beti zangu nne, na kwenye ubeti wa tatu mstari ukajitokeza, mweupe, mnyoofu, mahali pale pale. Haukuwa kwenye blauzi. Ulikuwa ndani ya njia ya hewa. Nilitaka kupiga ukelele ule wa siku yangu ya kwanza na nilitaka kulia, na nadhani nilifanya vyote viwili, kwa sababu Moraa alibisha hodi.

Nikarudi nyuma ya ukuta. "Sista, muulize kama aliwahi kumeza pini."

Moraa akamuuliza. Kisha nikasikia sauti ya Kemunto, polepole.

"Ilikuwa zamani, sista. Nilikuwa nimeziweka kwa mdomo nikipima nguo ya mtu. Wamama tuliokuwa nao wakanichekesha. Nikakohoa sana, wale wamama wakanipea ndizi mbili nimeze haraka. Nikaona imeshuka. Sikusema, nilidhani imeshuka."

Picha ya pili ilibandikwa kwenye dirisha lile lile siku ile ile, na safari hii mama yake Nila ndiye aliyelinda simu. Wambua alipanga kila kitu. Kemunto alisafiri Nairobi na mumewe, na huko mabingwa wakaingiza mrija kupitia kooni, wakaitoa pini bila kupasua. Aliporudi, kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kufika kwake, kilikuwa kushuka Kisii na kupanda gari la Ogembo kumchukua mtoto.

Picha ya mwisho alipigwa Nairobi, na majibu yake yangekuja kwa kompyuta. Nilimtumia salamu kupitia Moraa kwamba kama anataka kuyasoma kwa macho yake, aje dukani Ijumaa. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Wagonjwa wetu hawakuwa wakisoma majibu yao. Tuliyasoma sisi, tukawaambia tulichoona kinawatosha. Lakini ile karatasi aliyokuwa akiuliza kila mwezi ilikuwa imenikaa moyoni.

Alikuja na mtoto kifuani. Alikuwa ameanza kunenepa. Nila akamkalisha mbele ya kompyuta, na mimi nikasimama kando ya rafu ya kalamu, mbali inavyostahili. Mtoto alipiga vitufe, herufi zikajaa kwenye kioo, Nila akazifuta. Kisha barua ikafunguka. Kemunto alisoma kwa kidole, Nila akimsaidia maneno ya kidaktari: mapafu yote mawili ni safi. Si kifua kikuu. Hakikuwahi kuwa kifua kikuu. Hilo la mwisho alilisoma mara mbili.

Mnajua barua pepe zilivyo. Anayejibu huiacha barua ya kwanza chini ya jibu lake, na iliyotangulia chini ya hiyo, mpaka mwanzo. Hapa kwetu hakuna aliyelijua hilo isipokuwa Nila. Niliona mkono wake umesimama juu ya kitufe, naye ananitazama. Ndipo nikaelewa ni nini kilichokuwa chini.

Angeweza kuifunga. Alikuwa akiningoja nimwambie aifunge.

"Mwache asome mpaka chini," nikamwambia. "Ni majibu yake."

Nikatoka nje. Yaliyokuwa chini yalikuwa na habari za nguo, na mkamwana hawezi kuyasoma hayo baba mkwe akiwa chumba kimoja naye. Huo ndio ukweli, ingawa pia niliogopa. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza, ile ya Kisii isiyobisha hodi, na bati la kibaraza cha Jayanti lilikuwa bovu upande ule niliosimama. Sikusogea. Nilisikia kidole kikigonga vitufe, kimoja, kimya kirefu, kingine. Haikuwa Nila, Nila alichapa kwa kasi. Baadaye mashine ya kuchapia ikakwaruza.

Nila akatoka na karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja, kwa herufi kubwa zote:

TATA NIMESOMA YOTE. INGIA NDANI UNANYESHEWA.